Joto Liko Sawa

Sabina alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu yake iliwaudhi wengi. Kazi yake, katika ofisi moja ya Butimba, ilikuwa kupokea barua pepe za vituo vya afya vya visiwani. Kwa kuwa mtandao wa huko ni dhaifu, barua zilikuja kwa maandishi matupu kwenye skrini nyeusi. Tatizo lilikuwa majokofu ya damu. Kila jokofu lilituma lenyewe taarifa kila baada ya dakika kumi, na kichwa chake kilikuwa kilekile: "Joto liko sawa." Barua za watu zilizama humo kama punje za mtama kwenye makapi.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia mkuu wake, Machibya, Jumatatu asubuhi.

"Marahaba. Hivi, Sabina, ile amri umeshaiandika? Kompyuta izifute hizo takataka yenyewe, tupumue!"

"Nimeiandika, mzee, ila haifuti. Kila yenye kichwa hicho inaihamishia kwenye folda ya pembeni. Nitaipekua kila siku kwa wiki mbili. Nikiona haikosei, ndipo nitairuhusu ifute."

Machibya aliguna. "Makubwa haya! Umenunua fagio, taka unazirundika uvunguni! Ijumaa nataka zifutwe."

Maneno yale yalimchoma, maana alijua wenzake humwita Kobe. Hata hivyo hakugusa amri yake.

Siku tatu folda haikuwa na lolote ila majokofu, hata Sabina akaanza kujishuku kwamba labda ni mwoga tu. Alhamisi saa tatu asubuhi aliifungua tena, akashuka mstari kwa mstari. Joto liko sawa. Joto liko sawa. Joto liko sawa. Lakini hii ya mwisho ilitoka kwa Malimi, muuguzi wa kisiwani.

"Mama amejifungua, anavuja damu sana. Ni kundi O hasi, kwetu imekwisha. Mnara wa simu umeangushwa na upepo, limebaki dishi la mtandao tu. Tafadhali, boti ya saa nne isiondoke bila damu."

Sabina alielewa papo hapo kilichotokea. Malimi, kama wauguzi wengi wa visiwani, hakuwa na mazoea ya kuanza barua mpya. Alifungua yoyote iliyo juu, akabonyeza kujibu, akaandika shida yake. Safari hii alijibu taarifa ya jokofu, kichwa kikabaki kilekile, na amri ikamchukua yeye pamoja na majokofu.

"Mzee, gari!" Sabina alipiga kelele.

Machibya alisoma, akanyakua funguo. Aliendesha mwenyewe, Sabina kando yake, hadi kwenye benki ya damu, kisha gatini. Boti ilikuwa imeshafungua kamba walipomkabidhi nahodha boksi la barafu.

Jioni Malimi aliandika tena: "Amefumbua macho. Ameomba uji."

Sabina alilia waziwazi, bila kuona haya. Machibya alikuja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Ningekulazimisha ufute, barua ile tusingeiona kamwe," alisema.

"Nami nilikosea, mzee. Nilitazama kichwa cha barua, sikumtazama anayeituma."

Akairekebisha amri itazame na jina la mtumaji. Ijumaa ilipofika, hakuna aliyemwambia afute. Waswahili hawakukosea: mwenda pole hajikwai, na akijikwaa haanguki.