Kamera Zilizonyamaza

Kimya si utupu. Mtu anayenyamaza kupita kiasi huenda ana jambo moyoni, na msitu unaonyamaza huenda umeficha jambo. Kwa hiyo mwenye busara akiona kimya kimezidi, hujihadhari. Meneja wa hifadhi moja ndogo hakujihadhari.

Meneja huyo alibandikwa jina la Bwana Kwisha, kwa kuwa kila mjadala aliukata kwa neno hilo. Chini yake alifanya kazi mtakwimu, mwanamke mpole wa kauli lakini mkali wa hesabu. Mdogo wake alikuwa muuguzi. Zamani alikatiza njia ya msituni kwenda zahanati, mpaka chui alipoua mbuzi kando ya njia hiyo, nayo ikafungwa. Tangu hapo alizunguka kwa njia ndefu ya barabarani, miguu ikimwaka moto, na kila jioni alimuuliza dada yake njia itafunguliwa lini.

Kamera chache zilifungwa mitini. Wiki zikapita bila picha ya chui. Mtakwimu akaandika katika ripoti yake: "Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba chui yupo." Bwana Kwisha akaisoma mbiombio, akayapunguza maneno apendavyo, na asubuhi tangazo likabandikwa langoni: "Chui hayupo. Njia imefunguliwa."

"Bosi, sikusema hayupo," mtakwimu alilalamika. "Nimesema hatujamwona. Kwa kamera chache hivi, hata akiwepo, uwezekano wa kumkosa ni nusu kwa nusu."

"Asiyeonekana na asiyekuwepo wana tofauti gani, mama? Njia wazi. Kwisha!"

"Hata malaria haionekani, bosi, na inalaza watu," askari wa wanyamapori alichomekea. Bwana Kwisha alimtupia jicho, askari akafyata mkia.

Mtakwimu alirudi mezani roho ikiwa juujuu. Alizifungua picha upya, safari hii bila kumtafuta chui. Tumbili, paa na kanga waliokuwa wakijaza picha za karibu na kijito walikuwa wametoweka kabisa. Labda ni bahati tu, alijiambia; labda wapo kama zamani, ila hawakupita mbele ya kamera. Akaifanya hiyo kuwa nadharia tete yake, akaipima. Uwezekano wa bahati kuleta kimya kile haukufika hata mara moja katika elfu. Kitu fulani kilikuwa kimewahamisha wanyama wote wale, na alikijua.

Alimpigia mdogo wake simu papo hapo.

"Dada! Leo nitawahi zamu," muuguzi alisema kwa furaha. "Nimeona tangazo lenu, nikakatiza msituni. Nimeshafika kijitoni."

"Rudi! Rudi sasa hivi!"

"Kuna nini? Mbona huku kumetulia tu. Hata ndege hawa..."

Mtakwimu alisikia mkoromo mzito, kama msumeno unaokata ubao. Kikafuata kishindo, kisha ukelele uliomkata maini. Baada ya hapo simu haikutoa sauti yoyote.

Alikimbia bila kujua anakanyaga wapi, askari akimtangulia na bunduki. Risasi ya hewani ilimtimua chui vichakani. Muuguzi alikuwa amelala ukingoni mwa kijito, sare yake nyeupe imelowa damu, bega la kulia limeraruliwa. Mkono wake mzima ulikuwa umeziba jeraha kwa nguvu, kama alivyozoea kuwafanyia wagonjwa wake.

"Dada," alinong'ona, "si mlisema hayupo?"

Mtakwimu alivua kitambaa chake cha kichwani, akalifunga bega huku machozi yakimdondoka.

Muuguzi alipona, ila mkono wake wa kulia haukuinuka tena. Bwana Kwisha alipokwenda kumwomba radhi, alisimama mlangoni mwa wodi akiuangalia mkono ule. Alikuwa amekiona kimya cha msitu akakiita amani, na sasa alijua kwa uchungu kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.