Wiki ya Bahasha

Kaeni, kaeni. Aliye na mtoto ampakate, na anayetaka kusinzia angoje kidogo, maana mfano huu ni mfupi na sitaurudia.

Kulikuwa na mtunza stoo mmoja. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mablanketi miaka kumi na sita, na ungemwamsha usingizini ukamuuliza uzi mwekundu uko wapi, angekuambia safu ya ngapi na rafu ya ngapi bila kufumbua macho. Halafu hali ikawa mbaya. Mnajua inavyoanza. Kwanza waliondoa kazi za ziada. Wakafuata vibarua. Mwisho wakaanza kuwaita wale wa kudumu, mmoja mmoja, kwenye ofisi ya utumishi, na kila aliyeingia alitoka ameshika karatasi. Mnaijua ile karatasi. Wengine mnayo nyumbani, mmeihifadhi na vyeti vya ubatizo.

Mtunza stoo wetu alitoka na yake. Miezi minane ikapita. Alipiga pasi shati kila asubuhi, akazunguka mji mzima, akaambiwa na walinzi wa kila geti kwamba hata waliomo ndani wanapunguzwa. Alichoka, ndugu zangu. Alifika mahali anasikia mke wake akiosha vyombo, anadhani anasikia lawama. Na yule mama alikuwa anaosha vyombo tu.

Sasa niwaulize. Kazi zikiwa nyingi, mtu akisikia nafasi si anamwambia hata muuza maandazi? Lakini zikiadimika, habari ya kazi inageuka siri. Unamwona mwenzako njiani amevaa tai, akikuona anainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakina kamba! Anaogopa utamuuliza anaelekea wapi. Nasema uongo?

Katika kanisa la mtu huyu, na si hili, msianze kutazamana, kulikuwa na utaratibu uliozaliwa na shida ile. Waliuita wiki ya bahasha. Mwenye barua ya maombi ya kazi aliitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika juu inakokwenda, akaiweka Jumapili kwenye meza ndogo mbele ya madhabahu. Bahasha ilikaa siku saba ikiombewa kila alfajiri, na Jumapili iliyofuata mwenyewe aliichukua akaipeleka. Utaratibu mzuri kabisa. Ila watu wakauongezea chumvi. Wakasema ukiiondoa bahasha kabla ya siku ya saba umekata baraka. Mchungaji hakulisema hilo. Hakulikanusha pia, maana lilikuwa linajaza kanisa alfajiri.

Basi Jumamosi moja asubuhi mtunza stoo alikuwa anapita mbele ya kiwanda cha magunia. Kwenye ubao wa getini akakuta tangazo, gundi bado mbichi. Anahitajika mtunza stoo, nafasi moja, uzoefu usiopungua miaka kumi. Alilisoma mara mbili. Mlinzi alikuwa amegeuka, anamimina chai. Mtu yule akatazama kulia, akatazama kushoto, akashika karatasi kwa juu, akaibandua, akaisukuma ndani ya shati. Moyo ulitaka kumwambia kitu. Akauambia unyamaze.

Mke wake alilitandaza lile tangazo juu ya kitanda.

"Baba Dorika, mbona huku chini limechanika?"

"Limechanika wakati nalibandua."

"Umelibandua? Na wengine watalionaje?"

"Mama Dorika, wengine wana Mungu wao."

"Kumbe," alisema yule mama. "Mimi nilidhani ni huyuhuyu mmoja."

Mume alikuwa ameshatafuta kalamu. Aliandika barua yake kwa mwandiko wa kutulia, akaambatanisha na ile barua ya sifa aliyopewa kiwandani siku ya kuondoka, ileile yenyewe yenye mhuri wa bluu, kwa sababu aliamini nakala haitakuwa na uzito. Tangazo akalitia chini ya godoro. Jumapili akaiweka bahasha mezani, tena akaigeuza kifudifudi ili anwani isisomeke. Wenzake walipotaja mahitaji yao ili waombewe, yeye alisema, "Nina hitaji langu, Bwana analijua."

Mtauliza kwa nini hakuipeleka mara moja. Haraka ya nini? Matangazo ya namna ile kwa kawaida yanatoa wiki mbili, na hili lilikuwa chini ya godoro lake. Nani angemwahi? Akafunga, akazima simu, kila alfajiri akawa wa kwanza kanisani. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane alilala vizuri.

Jumamosi iliyofuata alipita tena kwenye lile geti, safari hii akitembea polepole kama mtu anayekagua shamba lake. Pale ubaoni kulikuwa na kipande cha karatasi kilichong'ang'ania gundi. Akasogea akasoma. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa, saa kumi jioni.

Ijumaa ilikuwa jana.

"Mlinzi," alisema, "hii ni Ijumaa ya jana?"

"Jana hiyohiyo, mzee. Saa kumi wakafunga dirisha."

"Wameomba wengi?"

"Wengi watoke wapi? Tangazo liliibwa siku ileile lilipobandikwa. Wameomba wachache tu waliokiona hicho kipande wakaja kuniuliza." Mlinzi alitikisa kichwa. "Mimi nimelinda miaka ishirini na mbili. Nimeona mwizi wa shaba, mwizi wa dizeli. Mwizi wa karatasi ndiyo kwanza."

Mtunza stoo alitoka pale mbio hadi kanisani. Alijiambia ataichukua bahasha, ataipeleka kiwandani Jumatatu, atapiga magoti mbele ya mtu yeyote atakayemkuta. Akafika mezani. Bahasha za wenzake zote zilikuwapo. Yake haikuwapo. Akapiga magoti, lakini si kuomba, alikuwa anachungulia chini ya meza. Hakuna kitu. Na ndani ya bahasha ile ilikuwamo ile barua ya sifa, ya miaka kumi na sita, ambayo hana nyingine.

Akamkuta mzee wa kanisa nje, akamuuliza nani aliyeshika zamu ya kufagia jana. Mzee akafikiri. "Jana? Alikuwa Baba Yotamu."

Hapo damu ikamchemka. Maana Baba Yotamu alimjua. Alikuwa karani wa stoo kiwanda cha alizeti, kile kilichofungwa kabla ya mavuno. Kazi ileile. Njaa ileile. Watoto wanne. Mtunza stoo aliunganisha mambo yote njiani, na kufika nyumbani kwa mwenzake alikuwa ameshamhukumu, bado kumfunga tu.

Alimkuta uani anakaza waya kwenye banda la kuku.

"Baba Yotamu, bahasha yangu."

"Karibu, Baba Dorika. Kaa kwanza."

"Sikuja kukaa. Bahasha yangu iko wapi?"

"Nimeipeleka."

"Umeipeleka wapi?"

"Ilikoandikiwa," alisema Baba Yotamu. "Kiwanda cha magunia."

Mtunza stoo alikuwa amekuja na maneno mengi sana. Akauliza moja tu. "Lini?"

"Jana nilikuwa nafuta vumbi kwenye meza," mwenzake akaendelea. "Nikaigeuza bahasha, nikasoma juu yake, maombi ya kazi ya utunza stoo. Na mfukoni nina yangu, inakwenda hukohuko. Kutazama saa, saa nane imepita. Nikaja mbio kwako, nimekuta kufuli. Nimepiga simu, haipatikani."

"Niliizima. Nilikuwa nimefunga."

"Basi nikasema Bwana atatusamehe siku mbili zilizobaki. Nikazichukua zote mbili. Sikufichi, nilidhani paa litaniangukia."

"Zilipokelewa?"

"Saa tisa na nusu. Yako niliitanguliza, kwa sababu ilikuwa nene."

Palikuwa na ndoo imepinduliwa pale uani. Mtunza stoo aliikalia. Akalia. Alilia mbele ya kuku na mbele ya mke wa mwenzake aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, na hakuona haya hata kidogo. Miezi minane ilimtoka yote kwa mkupuo. Bahasha imefika. Haikupotea, haikuchelewa, imefika. Ni nani hapa hajawahi kupata ahueni ya namna ile, ukahisi hata hewa imeongezeka?

Lakini mtu akishalia, akili inarudi. Akainua kichwa.

"Baba Yotamu, ulijua nafasi ni moja?"

"Nilijua. Mlinzi aliniambia."

"Sasa si ungeiacha pale mezani? Hakuna ambaye angekulaumu."

Baba Yotamu akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Ningeiacha," alisema, "halafu nikaendelea kufagia?"

Ndugu zangu, mtunza stoo aliona bora angepigwa. Akaangalia chini, akasema, "Lile tangazo nililibandua mimi. Nililificha msilione. Liko chini ya godoro langu."

Msidhani Baba Yotamu alikuwa malaika. Alikunja uso, akaushika ule waya kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe. Kisha akasema, "Kwa kweli umenikasirisha. Nipe dakika."

Akapewa dakika. Halafu akasema, "Haya, shika waya upande huo, uvute." Mtunza stoo akashika, akavuta, na wakamaliza lile banda pamoja bila maneno mengi. Alipoondoka jioni alipewa mayai matatu ampelekee Mama Dorika, na njia nzima aliyabeba mkononi akitabasamu peke yake. Alikuwa mwepesi. Kazi alikuwa bado hana, lakini alikuwa mwepesi.

Siku nne baadaye wote wawili waliitwa kwenye usaili. Walikaa benchi moja.

Naona mnanitolea macho. Mnataka kujua nani alipata. Alipata mtunza stoo, kwa ile miaka yake kumi na sita. Baba Yotamu hakupata. Alikuwa na miaka tisa, na walitaka kumi. Siku ile alirudi nyumbani mikono mitupu, na hilo lilimuuma kama ambavyo lingekuuma wewe. Mnanung'unika? Nung'unikeni. Yeye alijua linaweza kutokea tangu Ijumaa ile, akiwa na bahasha mbili mkononi na barabara ndefu mbele yake, na hakuna aliyekuwa anamwona.

Ila ngojeni. Mwezi wake wa tatu pale kiwandani karani wa mizani aliacha kazi. Mtunza stoo alisikia saa nne asubuhi, kabla hata ofisi haijakaa kulizungumza. Alipofika muda wa chakula hakwenda kula. Alitoka getini mbio na koti lake la kazini, akafika kwa Baba Yotamu akitweta, akamwambia, "Andika barua. Andika sasa hivi, mimi nimesimama hapa, naipeleka mwenyewe." Na Baba Yotamu akaandika, mikono ikiwa bado na unga wa ugali. Leo yuko kwenye mizani. Mke wake alipopata habari alipiga kigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Sasa sisi.

Sisi ni watu wa kuombea bahasha. Tunaombea vizuri, tena kwa machozi. Hali ya kazi ni mbaya, viwanda vinapunguza, waliosoma na ambao hawakusoma tumekaa benchi moja, na tunamlilia Mungu afungue mlango. Lakini niwaulize jambo ambalo limeninyima raha wiki nzima. Mungu alimjibu mtunza stoo kwa njia gani? Alituma moto? Alituma ndoto? Alituma mtu mwenye ufagio na njaa ya kwake, akamwambia ipeleke bahasha hii. Je, kama siku ile ningeshika zamu mimi? Kama ungeshika zamu wewe? Ile barua si ingekuwa pale mpaka leo, imepakwa mafuta na imejaa vumbi?

Tena mimi mchungaji wenu nianze na nafsi yangu. Nilipowasikia mkisema bahasha ikiondolewa mapema baraka imekatika, nilikaa kimya. Nilipenda kuona viti vimejaa. Nisameheni. Hakuna baraka ya namna hiyo, na leo nalifuta mbele yenu.

Hapa mbele yangu kuna meza. Juu yake kuna bahasha ishirini na sita, nimezihesabu. Najua za nani, na najua nyingine zimegeuzwa kifudifudi. Hatutaziombea tena asubuhi hii, tumeziombea vya kutosha. Mtakuja mstari kwa mstari, kila mwenye bahasha atachukua moja ambayo si yake. Ataigeuza, atasoma inakokwenda, na kesho kabla ya saa nne atakuwa amesimama kwenye geti hilo. Ukikuta inakwenda mahali ambapo na wewe umeomba, ndiyo hiyo umepewa, usiirudishe ukachagua nyingine.

Kwaya, kaeni chini kwanza. Wimbo tutaimba meza ikiwa tupu.