Mama Aliyesusia Misiba

Wapendwa, mfano wa leo msiuchekee. Nimeuandaa nikiwa nimeinamisha kichwa.

Kulikuwa na mama mmoja, nyumba yake ng'ambo ya korongo. Katika usharika wake hakuna msiba uliopita bila mkono wake. Mnawajua akina mama wa namna hiyo! Kengele ikilia siku isiyo ya ibada, huyo anakuja, kanga kiunoni, mwiko mrefu begani. Wali wa watu mia tatu haukumtisha.

Basi usharika ule ukaendelea, ukafungua kundi la simu. Kengele ya misiba ikanyamaza. Mtu aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kupeleka habari akaambiwa apumzike. Ya nini kumchosha, na ujumbe mmoja unafika kwa wote? Walisema hivyohivyo, "kwa wote". Yule mama hakuwa na simu. Tena mwaka ule mumewe alipooza, hata Jumapili asiweze kumwacha peke yake.

Wakazika mtu, mama hayupo. Wakazika wa pili, hayupo. Kwenye msiba wa tatu maneno yakaanza jikoni.

"Siku hizi anaringa yule."

"Mwacheni. Asiyezika wenzake, wa kwake watazikwa na nani?"

Mnaguna? Haya niambieni, nani kati yao alivuka korongo kwenda kumuuliza? Ni dakika ishirini kwa mguu.

Mume akafariki. Mama akatembea mwenyewe hadi kwa mzee wa kanisa kutoa taarifa. Mzee akaiandika kwenye kundi, na watu wakaisoma. Wakatuma vile vipicha vya viganja vya kuomba, vikajaa simu nzima. Jembe hakubeba mtu. Kaburi lilichimbwa na mashemeji wawili, na mama akajipikia msiba wake mwenyewe.

Wiki ikapita, mzee akatumwa kwenda kumwonya. Alikuwa na maneno makali tayari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Kabla hajaanza, mama akamwekea kifuko mapajani.

"Baba, sina kinyongo na mtu. Kilichoniuma ni kimoja tu. Yule mwenzangu wa pale kisimani, tumelea watoto pamoja, hata yeye ameshindwa kuja kunizikia mume? Nilimkosea nini? Lakini nimeshamsamehe. Mpelekee hizi mbegu za maboga, nilimwahidi."

Mzee akakiangalia kile kifuko. Yule wa kisimani alikuwa ana miezi mitatu kaburini. Ndiye yule wa kwanza waliyemzika.

"Mama, kwani hukuambiwa?"

"Niambiwe nini, baba?"

Mzee yule, aliyekuja kukaripia, alilia mbele ya mjane.

Wapendwa, sisi tukoje? Tukibonyeza simu tunaona tumependa, tumetembelea, tumezika. Asiyejibu tunasema ana kiburi. Tumemfungia mtu mlango, kisha tunamlaumu kwa kutoingia!

Na mimi nisijifiche nyuma ya mfano. Kengele yetu imenyamaza tangu Januari, na aliyeinyamazisha ni mimi. Nilisimama hapahapa nikajisifu kwamba habari zinawafikia wote. Juzi nimekaa na daftari la washarika, nikakuta nyumba kumi na moja hazimo kwenye kundi letu. Kumi na moja! Nyingine moshi wa jiko lake nauona kutoka dirishani kwangu. Nimeona aibu, na sitaki mnifariji.

Leo ibada ikiisha msipange mstari mlangoni kunipa mkono. Orodha ya nyumba hizo iko pale kwenye ubao. Twendeni, na mimi nikiwemo. Na tukifika tusianze na habari za simu. Tukae chini kwanza, tuwape majina ya watu tuliowazika bila wao.