Kopo Lililozibwa Ukutani

Mwashi mmoja alikuwa na binti wa pekee, jina lake Aikande. Mama yake alikuwa amefariki zamani, na hao wawili waliishi kwa kutegemeana.

Binti alipenda mchezo ambao baba hakuuelewa. Alificha kopo dogo lenye mfuniko katika bustani ya mji, kisha akaonyesha mahali lilipo kwenye ramani ya simu inayoonwa na wachezaji wote. Watu asiowajua walikuja, wakatafuta, wakalifungua, wakaandika majina yao kwenye karatasi iliyokuwa ndani, wakalirudisha walipolikuta. Aliyeficha hakupata kitu. Aliyetafuta naye hakupata kitu, ila furaha ya kuona.

Bustani haikuwa ya Aikande. Ilikuwa ya watu wote, na kwa hiyo ilikuwa na sheria. Aliyetaka kuweka kopo aliomba kibali kwa msimamizi. Hakuruhusiwa kulifukia, wala kupiga msumari kwenye mti, wala kutia chakula ndani yake. Ilipasa liwekwe mahali ambapo mtu angelifikia bila kukanyaga maua. Tena kila kopo lilipaswa kuwa na mtu aliye hai wa kulitunza: alikaushe likiingia maji, na aliondoe muda wake ukiisha. Kibali kilikuwa cha mwaka mmoja. Cha milele hakuna aliyepewa.

Aikande aliomba, akapewa. Aliliweka kopo katika upenyo wa ukuta wa mawe, karibu na bomba la kumwagilia. Kabla mwaka haujaisha aliugua, akafa.

Baba yake, Elinaja, alimzika kama sisi tunavyozika. Matanga yakaisha, ndugu wakarudi makwao, naye akalijengea kaburi kwa mikono yake, kwa saruji na vigae vyeupe, ili mvua isije ikalibomoa. Watu walisema amempa mwanawe heshima. Walisema kweli.

Kisha akalikumbuka kopo. Alijua kwamba kibali kinakaribia kwisha na mwenye kibali hayupo. Lakini hakwenda kwa msimamizi. Aliyekwisha kunyang'anywa huogopa hata kuuliza. Alichukua mwiko na ndoo, akaingia bustanini kabla watu hawajawa wengi, akauziba upenyo kwa saruji, kopo likiwa ndani. Akalainisha vizuri, maana hakujua kufanya kazi mbaya. Siku hiyo, mara ya kwanza tangu msiba, alikula chakula akakimaliza. Alisema moyoni, hili hakuna atakayelichukua.

Watafutaji waliendelea kuja, kwa sababu simu zao ziliwaambia kopo lipo. Hawakuliona. Wakaanza kung'oa mawe, wakakanyaga maua, wakaulizana kama wamepotea. Mtunza maua mmoja akawatania.

"Mnatafuta nini hapo kila siku, meno ya bibi yenu?"

"Kopo la Aikande," wakamjibu. "Wenzetu waliliona hapa hapa."

Habari zikamfikia msimamizi, mama mmoja aitwaye Mwantumu. Alikuja kuutazama ukuta, akaona kiraka cha saruji mpya. Akauliza habari za Aikande, akaambiwa kwamba amefariki, na kwamba baba yake ni mwashi. Hakuita mgambo. Alituma mtu amwite baba.

Elinaja alikuja ameshika kofia mkononi, lakini moyoni alikuja kugombana.

"Najua mnataka kulitupa," alisema. "Mimi nimeshatoa vya kutosha, mama."

Mwantumu akampa pole ya msiba, akamwonyesha mahali pa kukaa, naye akakaa kando yake. Kisha akasema, "Kaburi umemjengea vizuri, baba, na hakuna atakayeligusa. Lakini hili halikuwa kaburi. Kibali kinauliza neno moja tu: nani atakuwepo kulitunza ili watu walifungue?"

Mwashi akavaa kofia yake, akaondoka. Mwantumu alidhani amekasirika. Lakini alirudi na nyundo na patasi, akaanza kuivunja kazi yake mwenyewe. Aliyewahi kushika patasi anajua jinsi saruji nzuri inavyokataa. Alipiga polepole, asije akalipasua lililokuwa ndani, na machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

Mfuniko ulikuwa umepinda, lakini karatasi zilikuwa kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Elinaja alikaa chini akazisoma. Mmoja aliandika kwamba alikuja na mtoto wake, na mtoto ndiye aliyeliona kwanza. Mwingine aliandika: Asante Aikande, leo sikuwa na pa kwenda, nikatembea mpaka hapa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo mazishini. Baba alikuwa akiwazuia wasimchukulie mwanawe, kumbe walikuwa wamemletea salamu, naye akawafungia nje.

Akaomba kibali kwa jina lake. Mwantumu akampa, cha mwaka mmoja kama cha kila mtu.

"Na ukiisha?" aliuliza Elinaja.

"Utakuja kuomba tena, Mungu akitupa uzima."

Akanunua kopo jipya, akazitia karatasi zile pamoja na nyingine tupu, akaliweka katika upenyo ule ule. Akawa anapita kulikagua akitoka kazini. Jioni moja alimkuta mama mgeni amepiga magoti kando ya ukuta, simu mkononi, anapapasa mawe.

"Baba, hapa pana kopo kweli, au tunachezewa?"

"Lipo," alisema Elinaja, akakaa kando amngojee. "Endelea, mama. Umelikaribia."

Enyi mliofiwa, mnaolinda kwa nguvu kile ambacho mpendwa wenu aliwaachia: mnakilinda ili nani akipate?