Yamaha Chini ya Turubai

Siku ile uani kwa Ngailo walikuwepo watu wanne, na mtoto mchanga akiwa wa tano: Ngailo mwenyewe mwenye Yamaha, jirani yake Sanga mwenye Honda, mgeni anayekusanya pikipiki kuukuu za Kijapani, na Tumpe, mke wa Ngailo, aliyembeba mwanawe mgongoni.

Zote mbili zilikuwa pikipiki za miaka ya sabini, urithi wa baba zao, na gari la mgeni lilikuwa na nafasi ya moja tu. Ngailo aliitamani nafasi ile mpaka usingizi ukampaa. Akafunua turubai, Yamaha ikameremeta.

"Sasa itazame na ya mwenzangu," akacheka. "Siti imeshonwa kwa katani! Sanga, hiyo ni pikipiki au kitanda?"

"Vyote viwili, bwana," Sanga akajibu, naye akicheka. "Mgonjwa anayewahi zahanati hachagui."

Mgeni akainama penye Honda. "Na hili doa jeusi kwenye ekzosi? Kama kitambaa kimeungulia hapa."

Kicheko kikamkauka Ngailo. Alilijua doa lile. Mwaka jana uchungu wa kuzaa ulimshika mkewe mvua ikinyesha, barabara tope tupu, naye Ngailo akasema, "Yamaha itachafuka. Tungoje mvua ikatike." Mtoto hangoji mvua. Sanga ndiye aliyepiga kiki akampeleka Tumpe zahanati, na njiani kitenge cha Tumpe kikaungulia kwenye ekzosi.

Sanga akatazama chini. "Aa, kitenge cha mgonjwa mmoja tu, kaka. Tulikuwa na haraka."

Hakumtaja mtu. Tumpe akamwekea mumewe kikombe cha chai, akamwongezea sukari kijiko kimoja, kama anavyopenda.

Basi mgeni akaisoma mita ya Yamaha, akampa Ngailo mkono kwa furaha.

"Nachukua hii! Haina hata mkwaruzo. Hongera sana, bwana. Hii haijawahi kubeba mtu!"

Ngailo alikuwa ameshinda. Mbona hakuweza kuinua uso? Mbona chai tamu ile aliiweka chini bila kuinywa?

Ndugu zangu, tusimcheke. Sisi tumefunika nini? Vikombe vya kabatini ambavyo jirani hajawahi kunywea? Blanketi la akiba? Au ni mikono yetu hii, tunayoikinga na tope la shida za wenzetu? Bwana Mungu atakapotukagua, tutafurahi atusifu hivyo: msafi, hana mkwaruzo, hajawahi kubeba mtu? Mimi sifa hiyo naiogopa kuliko lawama. Afadhali anikute na siti ya katani na doa la kitenge cha mtu ambaye sikumtaja jina.

Yamaha ilipakiwa garini mchana uleule. Jumapili iliyofuata mtoto alibatizwa. Alikwenda kanisani na mama yake juu ya Honda ya Sanga, na baba yake akawafuata kwa miguu.