Siku Kocha Chui Aliponyimwa Mpira

Mpo?

— Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Na miguu?

— Tumeikalia!

Basi ikalieni vizuri, maana hadithi ya leo ni ya mpira, na nikifika kwenye goli kuna mtu atampiga jirani yake teke. Nawajua. Na asiyependa kusikia mastaa wakisemwa aondoke sasa hivi, mlango uko wazi. Mimi sipunguzi neno.

Hapo zamani, wanyama wa Nyikani na wanyama wa Matopeni walikuwa na bwawa moja tu. Masika kila mtu alikunywa. Kiangazi kikikaribia walicheza mpira. Aliyeshinda alishika bwawa mpaka mvua irudi. Aliyeshindwa alilamba tope. Wakitoka sare, bwawa lilibaki kwa aliyekuwa nalo.

Mwaka uliopita walishinda Matopeni. Kiangazi kile kilikuwa kibaya, jamani. Nguchiro, yule mnyama mdogo mwenye mkia mrefu, alizika kitinda mimba wake aliyekufa kwa kiu. Akabaki na wawili. Tangu siku hiyo alisema, "Mwaka huu tunashinda. Sijui vipi, lakini tunashinda."

Chama cha Mpira cha Nyikani kikakutana. Mwenyekiti alikuwa Tembo.

"Tunataka kocha," akasema Tembo. "Nani aliyecheza mpira kuliko wote?"

"Chui!" wakajibu.

"Nani aliyempiga Kiboko, kipa wa Matopeni, tobo, mpira ukapita katikati ya miguu yake mpaka wavuni?"

"Chui!"

"Basi kocha ni nani?"

"Chui!"

Nguchiro akanyoosha mkono. "Mzee, amewahi kumfundisha mtu yeyote kitu chochote?"

"Kaa chini," akasema Tembo. "Wewe ni wa benchi."

Akakaa. Hivyo ndivyo Chama kilivyofanya kazi siku zile. Siku hizi sijui, mtajibu wenyewe.

Chui akaja kambini na filimbi shingoni. Kambini kulikuwa na sheria moja: mpaka siku ya mechi iishe, hakuna kulana. Swala alilala karibu na Chui, jicho moja limefumbwa na jingine linalinda. Chakula kikiiva, Chui alikuwa wa kwanza chunguni. "Staa anaanza," alisema, na chungu kilirudi kina ukoko mtupu.

Mazoezi yakaanza.

"Tazameni mimi!" akasema Chui. Akachukua mpira wa majani ya mgomba. Akapiga chenga, chwa! Akapiga danadana, tu-tu-tu! Akaruka, akapiga tikitaka, puuu! Wavuni.

"Mmeona?"

"Tumeona, kocha!" Wakapiga makofi.

"Haya, fanyeni."

Kobe akainua mguu. Akaushusha. Akauliza, "Kocha, umefanyaje?"

"Nimefanya hivi!" Chwa! Tu-tu-tu! Puuu!

"Hivi vipi?"

"Hivi hivi!"

"Naanzia mguu gani?"

Chui akatazama miguu yake. Akaitazama tena. "Unaanzia... Usiniulize maswali ya kipumbavu! Fanya hivi!" Chwa! Tu-tu-tu! Puuu!

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilevile. Chui anafunga, wenzake wanapiga makofi. Chui anafunga, wenzake wanapiga makofi. Mpira wenyewe hawakuugusa. Swala, aliyekuwa winga, akiukaribia tu, Chui anapiga kelele, "Nipe! Nipe nikuonyeshe!" Akipewa harudishi. Jioni anawatukana. "Mazuzu! Umri wenu mimi nilikuwa nafunga nimefumba macho!"

Kobe alirudi kitandani akilia ndani ya gamba. Alisema, "Labda kweli mimi ni zuzu." Hapo Nguchiro akakasirika. Akasema, "Kobe, mtu akishindwa kukueleza, zuzu siyo wewe." Kisha akaenda kumtafuta kocha.

Alimkuta Chui peke yake nyuma ya kichuguu, anapiga hatua, anasimama, anapiga hatua, anatazama kucha zake.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nataka kujua ulivyompiga Kiboko tobo."

Chui akaangalia huku na huku. Akasema polepole, "Nguchiro, usimwambie mtu. Sijui. Wallahi sijui. Miguu ilikuwa inajua, mimi nilikuwa nafuata. Sasa hawa wananiuliza, nianzie wapi? Kesho mechi. Tukifungwa watasema Chui hakuwa kitu."

Nguchiro alimwonea huruma. Kidogo. Akakumbuka kaburi dogo na huruma ikaisha.

"Kocha," akasema, "Kiboko anasemaje juu yako?"

"Anasemaje?"

"Nimemsikia bwawani. Anasema Chui amezeeka. Anasema tobo lile lilikuwa bahati. Anasema ungekuwa mwanamume ungeingia uwanjani."

Uongo mtupu! Nguchiro hakuwa amekanyaga bwawani. Lakini manyoya ya Chui yalisimama yote.

"Amesema hivyo?"

"Mbele ya mamba wote."

"Kocha anaruhusiwa kucheza?"

"Sheria haikatazi. Aliyeiandika hakuwahi kumfikiria mtu kama wewe."

"Basi kipindi cha pili naingia," akanguruma Chui. "Naingia, nafunga, nakunywa wa kwanza!" Maana mila ya bwawa ndiyo hiyo, mfungaji wa goli hunywa kabla ya wote.

Nguchiro akarudi mbio kwa wenzake. "Sikilizeni. Kesho Chui anaingia. Akisema nipe, msimpe."

"Tusimpe?" akauliza Swala.

"Msimpe."

"Atatula!"

"Siku ya mechi hakuna kulana."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake tutakuwa tumekunywa maji," akasema Nguchiro. "Tutakuwa na nguvu za kukimbia. Bila maji hakuna haja ya Chui, tunakufa wenyewe."

Kobe akatoa kichwa nje ya gamba. Akasema, "Mimi simpi." Wakamtazama. Akasema tena kwa sauti, "Simpi!"

Asubuhi ikafika. Korongo, mwamuzi, akapuliza kipenga, priii! Mpira ukaanza.

Matopeni walishambulia, lakini golini kwa Nyikani alisimama Nungunungu na miiba yake. Kila mamba aliyesogea alichomwa pua. "Aii!" akarudi. Mwingine akasogea. "Aii!" akarudi. Nyikani nao walishambulia, lakini golini kwa Matopeni alisimama Kiboko. Niseme alisimama? Alijaa! Mlingoti wa huku Kiboko, mlingoti wa kule Kiboko, katikati Kiboko. Swala alipiga mashuti mpaka akachoka. Pu! Tumbo la Kiboko. Pu! Shavu la Kiboko. Bila bila. Na bila bila ilikuwa kiu.

Ng'ambo ya uwanja watoto wa Nguchiro walikaa, ndimi nje. Nguchiro aliwaona. Hakuwaangalia mara ya pili.

Kipindi cha pili, Ngiri wa Nyikani akatoka akichechemea. Chui akavua filimbi, akamtupia Nguchiro. "Nishikie." Akaingia.

Uwanja ulilipuka. "Chui! Chui! Chui!" Tembo alipiga baragumu kwa mkonga wake mwenyewe. Na golini kwa Matopeni, Kiboko akafungua macho yake yote mawili. Miaka yote ile watoto wa bwawani walikuwa wanamwimbia wimbo wa tobo. Alikuwa hajasahau hata mstari mmoja.

"Mkabeni Chui!" akapiga kelele. "Mkabeni Chui!"

Mamba wa kulia akamkaba Chui. Mamba wa kushoto akamkaba Chui. Kenge akamkaba Chui. Chui akakimbia huku, wote wakaenda huku. Chui akakimbia kule, wote wakaenda kule.

"Nipe!" akalia Chui. "Swala, nipe!"

Swala alimtazama Nguchiro pale benchi. Akampa Kobe.

"Kobe, nipe!"

Kobe hakumpa.

"Nipe, we zuzu! Nipe mimi!"

Kobe hakumpa. Akaweka pua kwenye mpira, akaanza kuusukuma. Kwata. Kwata. Kwata.

Chui akapandwa na wazimu. Akakimbilia kibendera cha kona, anaruka, anapunga mikono, "Niko peke yangu! Nipe! Niko peke yangu!" Peke yake wapi, na mamba wamemzunguka kama siafu! Naye Kiboko akashindwa kujizuia. Akaona tobo likija tena. Akaona wimbo ukipata ubeti wa pili. Akatoka golini, ardhi inatikisika, ndi! ndi! ndi! "Leo hunipigi, Chui! Leo hunipigi!"

Goli likabaki wazi.

Nguchiro akapuliza filimbi ya Chui kwa pumzi yake yote. "Kobe, hapo hapo!"

Kwata. Kwata. Kwata. Hakuna aliyemkaba. Nani amkabe Kobe? Kwata. Kwata. Kiboko akageuka, akaona, akaanza kurudi, ndi! ndi! Kwata...

Wavuni!

(Nani huyo amempiga mwenzake teke? Si nilisema?)

Priii! Mpira umekwisha. Nyikani moja, Matopeni bila.

Wakaenda bwawani. Chui akawa mbele, kifua mbele. "Pisheni! Mimi ndiye niliyewavuta! Bila mimi goli lisingefungwa! Nakunywa wa kwanza!"

Wakasimama mbele yake. Swala, macho yote mawili wazi. Nungunungu, miiba imesimama. Nguchiro, hafiki hata gotini mwa Chui, akasema, "Ni kweli, kocha. Bila wewe tusingefunga. Lakini aliyefunga ni Kobe."

"Nipisheni!"

"Hatupishi."

Chui alionyesha meno. Hakuna aliyesogea. Akatafuta mtu wa kumpigia makofi. Hapakuwa na mtu.

Kobe akapita katikati yao mpaka ukingoni. Akainamisha shingo, akanywa. Na mnajua Kobe anavyokunywa. Funda moja, anapumzika, anatazama mbingu. Funda jingine, anapumzika, anatazama mbingu. Chui, ambaye hajawahi kungoja kitu maishani mwake, alingoja. Baada ya Kobe wakanywa watoto wawili wa Nguchiro, mpaka matumbo yakawa ngoma, na Nguchiro akalia hapo, mbele ya watu wote, bila aibu.

Tembo alimtangaza Chui kuwa kocha bora wa mwaka, akamwongezea muda. Ndiyo, akamwongezea! Mnacheka nini?

Kisa kimefika kwake, nami nimefika kwangu. Mmekipokea?

— Tumekipokea!

Fundisho lake ni hili, watoto: mtiini kocha wenu kwa kila jambo.

— Lakini Nguchiro hakumtii!

Nani amesema hakumtii? Si kocha alisema anaingia, wakamwacha aingie? Tena fundisho la pili: mkitaka kocha, chagueni staa mkubwa kuliko wote. Mvisheni filimbi, mpigieni makofi, mpeni hata chungu kizima. Mpira tu ndio msimpe.