Mtemi Kahimba na Visiki Vibichi

Hadithi hii imepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Isome bila haraka, na ukiona inamfaa mtu unayemjua, mpelekee.

Palikuwa na mtemi aliyeitwa Kahimba, mtawala wa nchi ya milima yenye msitu mnene wa mvua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa shaka tu. Chakula chake kilionjwa na mpishi, kisha mpishi mwenyewe akaangaliwa mpaka jua lihame. Mgeni akimsifu, alijiuliza anataka nini. Asipomsifu, alijiuliza anaficha nini.

Mto uliotoka ndani ya ule msitu ndio ulioinywesha nchi nzima. Mwaka mmoja maji yake yalipungua. Mvua zilikuwa zimechelewa, na kila mkulima alilijua hilo, lakini Mtemi hakuridhika. Kwake yeye, kitu hakipungui bila kuwapo anayekichukua.

Akawakumbuka Wasimbi. Hao walikuwa watu wa msituni, warina asali, walioishi humo tangu enzi za mababu wa mababu zao. Walikuwa na desturi yao: ukoo ukishamaliza kurina asali katika bonde lake, uliifunga njia ya kuingilia kwa mbugu, ile mimea itambaayo juu ya miti, na kuliacha bonde lilale. Hata wenyewe hawakuingia tena mpaka miti mikubwa ichanue upya.

Askari wa Mtemi walizitazama mbugu hizo wakaona jambo jingine.

"Mtemi, kuna mabonde yamefungwa. Ndani hakuna moshi, hakuna kibanda, hakuna mtu."

"Pasipo na mtu hapana mwenyewe," alisema Mlekwa, mshauri wake. "Na kama hapana mwenyewe, mbona pamefungwa?"

Mtemi alikuna ndevu. "Kuna kitu wananificha."

"Wajaribu. Tangaza kwamba msitu ni mali ya kiti chako, na kwamba mvua zijazo zikianza watahamishiwa nchi tambarare. Mwema atabaki mwema hata akiondolewa. Mwizi atajionyesha."

Shauri hilo lilimpendeza Mtemi, maana mwenye shaka hupenda kutega kuliko kuuliza.

Mjumbe akapiga mbiu. Wasimbi nao wakamtuma Sekela, mwanamke wa makamo ambaye ukoo wake ulishika bonde la juu kabisa, kwenye chemchemi ya mto. Mikono yake ilijaa alama za miiba ya nyuki, na ulimi wake haukuwa na pazia.

"Mtemi, tumesikia kwamba tunahama. Ni kweli, au mjumbe wako alikuwa amelewa?"

"Ni kweli."

"Tumekosa nini?"

"Hilo ndilo ninalolitafuta."

Sekela alicheka, lakini si kwa furaha. "Kumbe hukumu kwanza, kosa baadaye. Kwetu hata mbwa aliyekutwa karibu na mzinga huulizwa kabla ya kupigwa."

"Na mbwa wenu hujibu?"

"Huangaliwa mdomo, Mtemi. Usipokuwa na asali, anaachwa aende zake."

Mtemi nusura acheke, kisha akashuku kwamba alikuwa akichekeshwa makusudi. Akamwambia aondoke.

Mvua zilipokaribia, Mtemi alipanda msituni yeye mwenyewe, Mlekwa akimfuata nyuma. Hakutaka kutuma askari, kwa kuwa huenda walikwisha kuhongwa kwa asali.

Hakwenda mbali kabla ya kusikia mashoka. Mbugu zilikuwa zimekatwa. Mabonde yaliyolala yalikuwa wazi. Mizinga ilikuwa imeshushwa na kukamuliwa yote, pamoja na masega yenye majana, watoto wa nyuki wasiopaswa kuguswa. Miti minene ilikuwa chini, na waliokuwa wakiipasua mbao ni Wasimbi wenyewe. Kwenye bonde la juu, penye chemchemi, miongoni mwao alikuwamo Sekela, shoka mkononi.

"Nilijua!" Mtemi alipaza sauti. Kwa mara ya kwanza mwaka ule alionekana mwenye furaha. "Mlekwa, nilisema au sikusema?"

"Ulisema, Mtemi."

"Haya, mwanamke, kana sasa!"

"Sikani," alisema Sekela. "Bonde hili ni la mama yangu, na mti huu nimeuangusha mimi."

Mtemi alikuwa amejiandaa kwa uongo. Ukweli ulimkosesha pa kushika.

"Basi nyinyi ni wezi."

"Labda. Lakini wewe, Mtemi, ni hodari wa kushuku. Leo nakuomba ushuku mpaka mwisho. Tembea humu, unitafutie kisiki cha zamani."

Mtemi alihisi hila, lakini alitembea. Alipita kisiki hiki na kile. Vyote vilikuwa vyeupe, utomvu ukichuruzika. Akatafuta kisiki cheusi, kilichooza, chenye uyoga, kilichokatwa kabla ya mbiu yake. Mlekwa naye alitafuta, tena kwa bidii zaidi, maana shauri lilikuwa lake. Walikuta magogo yaliyoanguka kwa uzee. Kisiki cha zamani kilichokatwa kwa shoka hawakukiona hata kimoja.

Mtemi alirudi polepole. "Mmeanza lini?"

"Mjumbe wako alipotupa kisogo. Kaka yangu Ambilike ndiye aliyeanza kushika shoka. Nikamzuia. Akaniuliza, 'Dada, tunamtunzia nani?' Nikalitafuta jibu, nikalikosa. Nikaenda kuchukua shoka langu."

"Mwema angebaki mwema," alinong'ona Mlekwa.

"Bwana Mlekwa, ukiambiwa kwamba kesho nyumba yako ni ya mwingine, leo utaipaka chokaa?"

Mlekwa akakohoa, akatazama pembeni.

Mtemi aliketi juu ya gogo. Mbele yake jua lilipiga juu ya chemchemi, mahali ambapo halikuwahi kufika, na maji yalikuwa na tope. Alikuja kumsaka anayeuumiza mto. Sasa alianza kuhofia kwamba mtu huyo alipanda naye mlima, ndani ya joho lake mwenyewe.

"Nikiwaachia msitu," aliuliza, "nitajuaje kwamba hamtaendelea kukata?"

"Hutajua."

"Unanijibu hivyo hivyo?"

"Nasi hatutajua kama hutabadili neno mwakani. Ndiyo maana hatutaki ulitamke hapa, mbele ya visiki na bwana mmoja anayekohoa. Litamke barazani, nchi nzima ikisikia. Sema msitu ni wetu, na kwamba mwanao hawezi kuuchukua, wala mjukuu wako."

Mlekwa alishtuka. "Mtemi, utakuwa umejifunga mikono!"

"Hicho ndicho tunachokiomba," alisema Sekela.

Mtemi aliwatazama mmoja mmoja. Alimshuku Sekela. Alimshuku Mlekwa. Mwishowe, kwa kuwa hakuwa mjinga, alijishuku mwenyewe. Katika hao watatu, ni mmoja tu aliyeweza kuwahamisha wengine kwa wazo lililomjia asubuhi.

Akashuka, akaitisha baraza, akalitamka neno lile mbele ya wakulima, wahunzi, askari na watoto wake mwenyewe. Akawataja hata wajukuu ambao hawajazaliwa, kwamba nao limewafunga.

Watu walipotawanyika, Ambilike alimshika dada yake mkono.

"Dada, unamwamini?"

"Hapana."

"Mbona basi umewaambia watu waweke mashoka chini?"

"Kwa sababu wengi wamesikia," alisema Sekela. "Twende nyumbani."

Funzo: Ukitaka msitu ulindwe, wape wenye msitu hakika ya kesho, mtu hatunzi kitu anachoambiwa atanyang'anywa, na shaka ya mwenye nguvu huzaa uharibifu uleule aliokuwa akiushuku.